UZI: "Tutafungua data za afya." Sawa, lakini nani atalazimika kuitikia?

1/
Kila msimu wa midahalo kuna mtu husimama na kusema: "Tutafungua data za afya, vijana watabuni programu, huduma zitabadilika." Ukumbi unapiga makofi. Anayefuata anajibu: "Data hazitibu mtu. Tupeni dawa." Naye anapigiwa makofi vilevile. Leo tuipime hoja hii kwa historia, tukianzia kwetu Kaskazini Mashariki. Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta.

2/
Kwa wageni: nasoma sayansi ya siasa, kwetu ni Garissa, na kwa kina mama ni Lagdera. Kwangu hii si mada ya darasani tu. Habaryar wangu, yaani mdogo wake mama, alifariki akijifungua mapema mwaka 2009. Zahanati ya karibu ilikuwa na jengo na kufuli, muuguzi hakuwepo. Gari lilipopatikana kulikuwa kumekucha. Nitamrudia baadaye, kwa sababu yeye mwenyewe yumo ndani ya data tunazozibishania.

3/
Tuanze na maana. Data wazi ni data za umma ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua, kuzisoma kwa kompyuta na kuzitumia bila kulipa na bila kuomba ruhusa ya mtu. Picha ya jedwali iliyobandikwa kwenye tovuti haitoshi. Na faili lako la hospitali halihusiki hapa: hilo ni siri yako na lazima libaki siri. Tunazungumzia jumla: vituo viko wapi, vina wahudumu wangapi, watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamefariki na wapi.

4/
Mfano unaopendwa na wanaotetea data wazi ni wa London, 1854. Kipindupindu kilikuwa kinaua mtaa wa Soho. Dakitari John Snow alichukua orodha ya vifo kutoka ofisi ya serikali ya kusajili vifo, akaenda nyumba kwa nyumba, akaona vifo vimezunguka pampu moja ya maji, ile ya Broad Street. Akaenda mbele ya wakuu wa parokia na ushahidi wake. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

5/
Watu husimulia kisa hicho kama ushindi wa data. Ni kweli kiasi, maana Snow mwenyewe alikubali kwamba mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua. Mimi kinachonivutia ni kitu kingine: kulikuwa na watu wenye mamlaka juu ya ule mpini, na walikuwa karibu kiasi cha kuambiwa uso kwa uso. Orodha bila wao ingebaki karatasi. Kaa na hilo swali la mpini, tutalihitaji mpaka mwisho.

6/
Sasa turudi nyumbani. Kwa nini mtu wa Garissa husitasita akisikia neno "data"? Kwa sababu kwetu kuhesabiwa hakukuanza na chanjo. Wakoloni waliifunga Northern Frontier District mwaka 1926: kuingia na kutoka kwa kibali. Baada ya uhuru tukaishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Kwa kizazi cha ayeyo (bibi yangu), mtu mwenye fomu alikuja kujua una ngamia wangapi, vijana wangapi, na wako wapi usiku huu.

7/
Na hata wafu wetu hawakukubaliwa idadi. Wagalla, Wajir, Februari 1984: kwa miaka mingi namba rasmi ilikuwa watu 57, wakati wenyeji walitaja mamia na wengine zaidi ya elfu. Kisha 1989 Wakenya Wasomali wakapitishwa kwenye msasa na kupewa kadi maalum ya rangi ya waridi, kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Kwa hiyo mzee akikuuliza "mnaandika ya nini?", usimwite mshamba. Ana sababu.

8/
Haya, afya. Mwisho wa 1997 mvua ya Elnino ilipiga, na homa ya Bonde la Ufa ikafuata. Huu ni ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu, kisha unampata binadamu kupitia mbu au damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Watafiti walikadiria kwamba wilaya ya Garissa peke yake ilikuwa na maambukizi 27,500 ya watu. Ulikuwa miongoni mwa milipuko mikubwa zaidi ya homa hiyo kurekodiwa Afrika Mashariki.

9/
Baada ya hapo wanasayansi wakafanya kazi nzuri sana. Mwaka 1999 wakachapisha njia ya kutabiri: angalia joto la bahari na ukijani wa nyasi kwa picha za setilaiti, utajua mbu wa homa hii watazaliwa wapi miezi kabla. Picha zenyewe zilikuwa za mashirika ya serikali ya Marekani, wazi kwa watafiti. Huu ndio ubunifu unaoahidiwa kwenye midahalo: data za umma, akili za watu, chombo kipya.

10/
Kuanzia Septemba 2006 chombo hicho kikaonya kwamba hatari inakuja. Ramani ilionyesha Kaskazini Mashariki. Onyo lilitangulia wagonjwa wa kwanza kwa wiki kati ya 2 na 6. Desemba homa ikathibitishwa, na ilianzia wapi? Garissa. Kufikia mwaka 2007, Kenya, Somalia na Tanzania zilikuwa na wagonjwa 1,062 walioripotiwa, na 315 kati yao walifariki.

11/
Kumbe kulikuwa na onyo lingine pia. Watafiti waliowahoji wafugaji baadaye waligundua kwamba wafugaji Wasomali wa huku walikuwa wameiona hatari wenyewe: mvua isiyokatika, mbu wengi kuliko kawaida, mimba za mifugo kutoka, damu puani. Wana hadi jina lake, sandik. Kwa hiyo angani kulikuwa na data, malishoni kulikuwa na data. Lakini kati ya mfugaji wa kwanza kuona mnyama mgonjwa na maafisa wa mifugo kufika, wiki nyingi zilipita.

12/
Basi wakafika, na hatua zikawa za kufunga: machinjio, masoko ya mifugo, safari za mifugo. Garissa ni mji unaoishi kwa soko la mifugo. Abti wangu, kaka yake mama, anasema mwaka ule walikaa na mbuzi ambao hawawezi kuuza, hawawezi kuchinja, na wanaogopa kuwakamua. Onyo lilifunguliwa kwa dunia nzima. Hapakuwa na mtu aliyefungwa na sheria wala bajeti kwamba, ramani ikiwa nyekundu, chanjo ya mifugo itoke kesho yake. Mpini ulikosa mshikaji.

13/
Sasa sensa. Usiku wa 24 Agosti 2009 hesabu ilianza. Fomu ya mwaka ule iliuliza kuhusu vifo vya nyumbani katika miezi 12 iliyopita, na kama marehemu alikuwa mwanamke wa umri wa kuzaa, alifariki akiwa mjamzito, akijifungua, au ndani ya miezi miwili baadaye? Ayeyo anakumbuka kijana aliyekuja na kalamu. "Nilimwambia ndiyo. Akaandika, akasema pole, akaenda nyumba nyingine."

14/
Tarehe 31 Agosti 2010 matokeo yakatangazwa: Wakenya milioni 38.6. Lakini wilaya nane zikafutiwa hesabu. Tatu za Turkana, tatu za Mandera, Wajir Mashariki, na Lagdera. Sababu iliyotolewa: watu wameongezeka kuliko uzazi unavyoweza kueleza. Mkoa wetu ulikuwa na watu 962,143 mwaka 1999, na sasa ulitoka na zaidi ya milioni 2.3.

15/
Tuwe wakweli hapa, pande zote mbili zina hoja. Upande mmoja: namba huleta viti na pesa, kwa hiyo kishawishi cha kuziongeza kipo, na mpaka hauna ukuta. Upande wa pili: sensa za zamani zilipita huku juu juu, na mfugaji anayehama ni rahisi kurukwa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikasema kufutwa kule hakukufuata sheria. Ya 2019 nayo ikaishia kortini: Mandera ilitoka 1,025,756 ikawa 867,457, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikafuta matokeo ya sehemu za eneo letu.

16/
"Hii inahusu afya vipi?" Chanjo, dawa na wauguzi hupangwa kwa kugawanya kwa idadi ya watu. Ukiandika watoto 1,000 mahali penye 1,500, ukichanja 1,000 kompyuta inakupa asilimia 100. Watoto 500 hawaonekani popote, na ofisi inapongezwa. Mei 2013 polio iliporudi Kenya, mtoto wa kwanza alipatikana eneo la Dadaab, na mwaka ule nchi ikawa na wagonjwa 14. Kirusi hakisomi ripoti, hutafuta watoto ambao hawakufikiwa.

17/
Na pesa je? Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha ilitoa asilimia 45 ya uzito kwa idadi ya watu. Ile ya tatu, iliyozua mabishano ya miezi kwenye Seneti mwaka 2020, iliipa afya asilimia 17. Mnapowasikia wakibishana "pesa ifuate watu" au "pesa ifuate ardhi", jueni chini yake kuna swali hili: hao watu wamehesabiwaje?

18/
Tarehe 8 Julai 2011 Nairobi ilizindua tovuti ya taifa ya data wazi, moja ya za kwanza Afrika. Sensa ya 2009, matumizi ya serikali, shule, vituo vya afya. Mwaka huohuo mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 ulienea nchi nzima kwa mtandao, na Kenya ikasifiwa kwa kuwatangulia wengi barani. Siku 12 baada ya uzinduzi, tarehe 20 Julai, njaa ilitangazwa rasmi kusini mwa Somalia. Dadaab ilikuwa inapokea zaidi ya watu 1,000 kwa siku. Maonyo ya ukame yalikuwa yametolewa wazi tangu 2010.

19/
Ubunifu ulikuja? Ulikuja, tusidharau. Mwishoni mwa 2011 vijana wa Nairobi walitoa MedAfrica, programu ya simu ya taarifa za afya na madaktari. Kisha gazeti la The Star na wenzao wakatengeneza Dodgy Doctors: unaandika jina la daktari, unajua kama kasajiliwa na bodi ya madaktari. Orodha ambayo zamani ilikaa kwenye ofisi moja ikaingia mfukoni mwa mwananchi. Hilo ni jambo kubwa, hasa mahali matapeli wamejaa.

20/
Lakini uliza: ingemsaidia nini habaryar? Lagdera hakuwa na madaktari watano wa kuchagua mmoja wa kweli. Alihitaji kujua zahanati ipi ina mkunga usiku huo, na gari liko kwa nani. Hakuna aliyebuni hicho, na si kwa ubaya. Mbunifu huanza na tatizo analoliona na mteja mwenye simu na bando. Ukiacha data zitafute soko zenyewe, zitaenda kuliko na soko. Na tovuti yenyewe, baada ya miaka michache ya kwanza, seti nyingi hazikuguswa tena.

21/
Sasa sehemu ambayo nataka msome polepole. Ile sensa ya 2009, ambayo hesabu ya walio hai kwetu ilisemwa haiaminiki, ndiyo pia iliyotoa namba za vifo vya uzazi kwa kila kaunti. Mandera: vifo 3,795 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wajir: 1,683. Garissa: 646. Ile ya Mandera mmeisikia kwenye kila mdahalo. Walio hai walibishaniwa kortini, waliokufa wakawa nukuu.

22/
Na namba ile ilifanya kazi. Kuanzia 2014 ilitajwa kila mahali. Shirika la UNFPA, kampuni kubwa na kaunti sita zikaingia kwenye mpango wa afya ya mama: Mandera, Wajir, Marsabit, Isiolo, Lamu na Migori. Kule Dandu, Mandera, kituo cha afya kikajengwa upya kwa umeme wa jua na vifaa vipya. Hapo data zilizaa ubunifu kweli. Garissa haikuwa kwenye zile sita. Kwenye orodha ya taifa tulikuwa nafasi ya tisa. Vibaya, ila si vibaya vya kutosha.

23/
Miaka kumi ikapita. Sensa ya 2019 ikatoa orodha mpya: wastani wa nchi 355, na kaunti iliyokuwa mbaya kuliko zote Kenya ikawa Garissa. Namba yetu? 641. Tazama tena: 646, kisha 641. Hatukuporomoka, tulibaki palepale, wengine wakashuka. Tahadhari: namba za aina hii hutokana na kumbukumbu za nyumbani, kwa hiyo tofauti ya tano si kitu, na sensa yenyewe ina kesi. Lakini kama kuna hadithi humo, ni ya kusimama mahali pamoja kwa miaka kumi.

24/
Likizo iliyopita nilimsomea ayeyo namba zote mbili. Nikamweleza kwamba habaryar yumo kwenye ile ya kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia yule kijana wa kalamu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Na walipojua, walifanya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu hapo nimesoma sera za data za nchi kadhaa, na naona swali lake linakosekana kwenye nyingi.

25/
Kuna mfano wa kwetu uliojibu swali hilo kiasi. Bima ya mifugo kwa setilaiti. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ilianza Marsabit mwaka 2010. Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ikaileta Wajir kwa njia inayokubalika kisheria ya Kiislamu. Picha za nyasi zilitolewa bure. Mkataba ukasema: nyasi zikishuka chini ya kiwango hiki, mfugaji analipwa, bila afisa kuja kuhesabu mizoga. Machi 2014 wafugaji kama 100 wa Wajir wakalipwa.

26/
Ina kasoro. Setilaiti inaweza kuona kijani ambacho mbuzi hali, na mtu akapoteza mifugo bila kulipwa. Wengi hawawezi kulipia bima yenyewe. Lakini linganisha na 2006. Setilaiti zilezile, eneo lilelile. Tofauti ni kwamba mara hii kulikuwa na sentensi iliyosainiwa: namba ikifika hapa, mtu fulani lazima afanye jambo fulani kabla ya tarehe fulani. Hiyo sentensi ndiyo mpini.

27/
Kabla mtu hajasema "basi fungueni kila kitu", kumbukeni upande wa pili. Miaka ya tisini, ukame ulipobana, familia za Garissa zilijiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi ili zipate chakula na matibabu. Watoto wao walipokua na kuomba kitambulisho, alama za vidole zikasema: wewe ni mkimbizi. Maelfu walikaa miaka bila kitambulisho, yaani bila kazi rasmi, bila akaunti, bila kura. Taarifa ya mtu iliyotolewa kwa ajili ya chakula ikawa kifungo. Jumla zifunguliwe, mtu afichwe. Hilo halina mjadala.

28/
Sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 35: haki ya kupata taarifa za serikali. Sheria ya 2016 ya kupata taarifa: ofisi ina siku 21 kukujibu. Sheria ya 2019 ya kulinda data: taarifa yako binafsi haichezewi. Mwaka jana niliandikia ofisi moja ya umma kuomba orodha ya zahanati zenye mhudumu usiku. Siku 21 zikapita. Nikakumbusha mara mbili. Mwishowe nikapewa fotokopi, nusu haisomeki, na zahanati ya kijijini kwetu imeandikwa "inafanya kazi".

29/
Tukafanya kidogo tulichoweza. Mimi na wenzangu wawili, likizo, tukachukua orodha ya serikali ya vituo, ile yenye namba ya kila kituo, tukapiga simu na kuuliza madereva wa probox na akina mama: nani yupo usiku, nani ana gari, namba ipi inashikwa. Tukaweka kwenye kundi la WhatsApp la madereva na wakunga. Sauti za Kisomali, kwa wasiosoma. Si programu, haina nembo, na ikikaa mwezi bila kusasishwa inaharibika. Bila ile orodha wazi tusingejua pa kuanzia. Bila madereva isingekuwa na maana.

30/
Na fursa mpya ipo. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walianza kupewa simu za kurekodi nyumba kwa nyumba. Yule anayeingia bomani Lagdera leo anaandika mimba, chanjo, homa. Data hizo zinapanda juu kila siku. Swali la kisiasa, na ni la kisiasa kabisa, ni kama zitarudi chini: je, kijiji kitaona namba zake, na kikiziona kina nani wa kumdai?

31/
Basi mwanasiasa yeyote, wa upande wowote, akisema "tutafungua data za afya", muulize haya:
– Zitasasishwa kila lini, na nani akichelewa anawajibika?
– Waliohesabiwa watazipata kwa lugha na njia gani?
– Namba ikivuka kiwango gani, nani anatoa pesa, na ndani ya siku ngapi?
– Jina la mgonjwa linalindwaje?
– Wahamaji wamehesabiwaje?
Na yule wa "data hazitibu mtu", muulize: dawa zako utazipeleka wapi kama hujui watu wako wapi?

32/
Nikiteleza mahali, nisahihisheni kwa ushahidi, nitarekebisha hadharani kama siku zote. Mlio Ijara, Fafi, Balambala, Wajir na Mandera: zahanati yenu imeandikwa "inafanya kazi"? Inafanya? Niandikieni jina la kijiji tu, msitaje wagonjwa. Uzi wa wiki ijayo ni fomula ya kugawia kaunti pesa, leteni kalkuleta. Ayeyo anawasalimu.